Mke Mkristo, mume Mwislamu, na kanisa la Wayunitari: jibu langu kwa mleta uzi

Dada mleta uzi, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyotangulia. Umesema wewe ni Mkatoliki, mumeo ni Mwislamu, mnaishi Marekani na watoto wawili, na jirani yenu amewaalika kwenye kanisa lake la Unitarian Universalist (Wayunitari, kwa kifupi). Unauliza wanaabudu nini hasa, na kama mtu aliyekulia kwenye dini anaweza kulishwa kiroho pale. Wachangiaji wawili wamekwambia ni klabu ya wasioamini Mungu, na mwingine kasema ni Freemason kwa sababu ya ile alama ya kikombe chenye moto. Mimi nimelelewa KKKT, kanisa la Kilutheri, huko Machame, Kilimanjaro. Mume wangu ni mtu wa Tanga na anaswali swala tano. Kwa miaka mingi sasa sisi ni washarika wa kusanyiko la namna hiyo huku Massachusetts, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa urefu.

Hicho kikombe kwanza, maana kinawatisha watu bure. Kilichorwa mwaka 1941 na Hans Deutsch, msanii wa Austria aliyewakimbia Wanazi. Kamati ya huduma ya Wayunitari ilikuwa na ofisi Lisbon, ikihangaika kuwatoa wakimbizi Ulaya, na ilihitaji alama ya kugonga kwenye hati zake ili zipate uzito mbele ya maofisa. Asili yake ni hiyo tu. Leo ibada hufunguliwa kwa kuwasha moto kwenye kikombe cha namna hiyo. Kwetu kazi hiyo hupewa mtoto, na kanisa zima humngoja kwa subira hata kiberiti kikigoma.

Mume wangu aliposikia habari za Wayunitari mara ya kwanza alifurahi sana, kwa sababu walianza kama Wakristo waliosema Mungu ni mmoja asiyegawanyika, wakaukataa Utatu. Mwaka 1568 huko Torda, Transylvania (leo ni sehemu ya Romania), mhubiri wao Francis Dávid akiwa karibu na mfalme John Sigismund, ilitolewa amri kwamba kila mhubiri aihubiri Injili kadiri anavyoielewa, na asiwepo wa kuteswa kwa ajili ya imani. Mtawala mwingine alipokuja mambo yakageuka, na Dávid akafia gerezani mwaka 1579. Marekani chama chao kiliundwa mwaka 1825. Wayunivesali walikuwa watu wengine, waliofundisha kwamba mwisho wa yote Mungu atawaokoa wanadamu wote na hakuna moto wa milele. Wawili hao waliungana mwaka 1961, na tangu hapo hakuna kanuni ya imani ambayo mtu lazima aikiri ndipo akubaliwe.

Kwa hiyo mume wangu alikuta kitu tofauti na alichotarajia. Kwenye benchi tunalokaa kuna mama aliyewahi kuwa mtawa wa Kikatoliki, kuna Myahudi anayefuata tafakuri ya Kibudha, na kuna mwalimu mstaafu wa kemia ambaye haamini kuna Mungu na hukwambia hivyo bila kusita. Wachangiaji waliosema wapo wasioamini wamesema kweli. Ila kuita klabu si haki. Klabuni hakuna anayekudai chochote zaidi ya ada, na hawa wanadaiana mengi.

Wanachofanya ni kuwekeana agano. Ni ahadi za jinsi watakavyoishi pamoja: kusemezana ukweli kwa upole, kutafuta ukweli kwa uhuru, kusaidiana, kutomwacha mtu wakati wa shida. Letu tunalisoma kwa sauti kila Jumapili, na mtu akilivunja anaambiwa. Kujiunga hakuna ubatizo mpya, unasaini kitabu cha washarika. Ukishasaini una kura. Mchungaji anachaguliwa na washarika wenyewe, bajeti inapitishwa na washarika, na kila mwaka unaandika ahadi yako ya fedha. Hilo la ahadi mtu wa KKKT halimpi shida hata kidogo, bahasha za sadaka tumezizoea.

Tamko la pamoja pia lipo, lakini katiba ya chama chao inataka lipitiwe upya kabla ya miaka 15 kupita, ili lisije likageuka sheria ya kufungia watu nje. Kwa muda mrefu walikuwa na kanuni saba zilizopitishwa mwaka 1985, ya kwanza ikiwa thamani na utu wa kila mtu. Juni 2024 mkutano mkuu, uliofanyika mtandaoni, uliweka maneno mapya kwa kura zaidi ya asilimia 80: upendo katikati, na kuuzunguka upendo huo haki, usawa, kutegemeana, kupokea wingi wa imani, ukarimu, na kukubali kubadilika. Kwetu tulilijadili hilo muda mrefu, jioni za baridi, ukumbini. Wazee waliofundisha watoto wao zile saba waliumia. Mmoja alisema anaogopa kwamba neno upendo ni laini mno, mtu yeyote anaweza kujificha nyuma yake. Vijana wakasema kinyume chake, kwamba utu wa mtu mmoja mmoja bila kutegemeana umewaacha Wamarekani wapweke. Mimi nilikuwa upande wa maneno mapya. Zile saba nilizikubali kwa akili, lakini upendo naweza kuupigia magoti.

Sasa swali lako kubwa, la kulishwa. Dada, ukienda ukisubiri kupakuliwa utarudi na njaa. Mahubiri mengine ni mazuri sana, mengine ni kama mhadhara wa chuo. Ibada haina pambio, hakuna anayepiga vigelegele, watu wanaimba macho yakiwa kitabuni. Wengi ni Wazungu na wengi ni wasomi, na kuna Jumapili utahisi hivyo mwili mzima. Mambo haya ni ya kweli, na mtu akikwambia hayamsumbui kamwe anakuficha.

Uhai wenyewe niliukuta kwenye vikundi vidogo, watu wanane au kumi, vinavyokutana nyumbani kwa mtu. Fikiria jumuiya ndogondogo zenu za Kikatoliki, ila bila masomo ya Jumapili. Mnapewa swali mapema, kwa mfano, nani alikufundisha kusamehe? Mshumaa unawashwa. Mmoja anaongea, wengine kimya, hakuna wa kumkatiza wala kumshauri, kisha anafuata wa pili. Wiki ya kwanza nilibaki sina la kusema. Nilikuwa naijua Katekisimu Ndogo ya Luther kwa moyo, lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi mwenyewe nimeonja nini. Ilibidi nitafute. Kwenye kumbukumbu nikamkuta bibi yangu anayeamka alfajiri kabla ya kukama ng'ombe na kuwataja watoto wake kwa Mungu mmoja baada ya mwingine, hata waliofariki. Nikaona imani yangu imekaa pale, kwenye kutaja majina, zaidi ya kwenye hoja za Utatu. Mkristo nimebaki, na sasa najua ni Mkristo wa namna gani.

Kisha baba akafariki Machame, na sikuweza kusafiri. Jumapili ile kuna wakati wa kutoa furaha na mizigo: unachukua jiwe dogo, unalitumbukiza kwenye bakuli la maji, unasema lako. Nikataja jina la baba. Kanisa likanyamaza. Ule ukimya ulinichoma, kwa sababu nilitaka mtu alie na mimi, kwa sauti, kama nyumbani. Nikawaambia hivyo wenzangu wa kikundi. Kesho yake jioni walikuja wote kwangu na sufuria za supu. Nilikuwa nimesogeza makochi na kutandika mikeka, nikawaeleza kwamba kwetu msibani watu wanakaa na mfiwa, si lazima waseme kitu. Wakakaa chini, mwalimu wa kemia na magoti yake mabovu akiwemo. Yeye ndiye aliyeniuliza kama ningependa kusali. Nikasali kwa Kiswahili, kwa sauti, nikalia, nao wakanishika mikono mpaka nikamaliza. Mume wangu akafuatia na dua. Hakuna hata mmoja wao aliyelazimika kusema amina. Walisema wote.

Kwa ajili ya watoto nakwambia nenda bila kusita. Wanafundishwa Biblia, wanafundishwa habari za Mtume Muhammad na za Buddha kwa heshima, na wanapelekwa kuona misikiti na masinagogi. Kila mwaka wana ibada ya maua aliyoianzisha Norbert Čapek huko Prague mwaka 1923, mchungaji ambaye Wanazi walimuua mwaka 1942: kila mtu analeta ua na kuondoka na la mwenzake. Wakifika umri wa kipaimara wanakaa na mtu mzima wa kuwaongoza, kisha kila mmoja anaandika anachoamini na kukisoma mbele ya wote. Mwanangu alisoma kwamba hajui Mungu ni nani lakini anajua ameombewa kwa lugha mbili tangu hajazaliwa. Baba yake alimtazama bila kupepesa. Jamaa zetu wengine hawakupenda, wakasema tumemwacha mtoto hewani. Sisi tunaona alisema kweli tupu mbele ya watu, na wakubwa wengi hawajawahi.

Na usidhani ni mambo ya Wamarekani tu. Wayunitari wapo Kenya, Uganda na Burundi. Kanisa lao la Bujumbura lilianzishwa na Fulgence Ndagijimana, Mrundi aliyetoka kwenye malezi ya Wadominiko, shirika la watawa wa Kikatoliki.

Ushauri wangu: mwambie jirani akuingize kwenye kikundi kidogo kwanza, na usiamue kwa ibada moja ya Jumapili. Uliza pia agano lao likoje na nani alishughulika mara ya mwisho lilipovunjwa. Majibu yao yatakuonyesha kama wanaliishi. Usiache Misa yako, hakuna atakayekutaka uiache. Na mumeo asiwe na wasiwasi wa swala. Huku wakati wa baridi adhuhuri inaingia kabla ya saa sita, mara tu ibada inapokwisha. Wangu aliomba chumba, wakampa maktaba, na mswala wake unakaa huko huko kwenye rafu.