Mshahara Umepanda, Je, Mji Mpya Utaumeza?

SWALI: Nimepata kazi mji mwingine, mshahara umeongezeka asilimia 30. Nitajuaje kama nitabaki na ziada?

JIBU: Anza na kile kinachoingia mkononi baada ya makato, si kilichoandikwa kwenye mkataba. Chukua matumizi yako ya miezi mitatu iliyopita, kisha pitia mstari kwa mstari ukiweka bei za huko. Pango ndilo huamua. Likivuka theluthi ya pato, mengine yote yatabana. Lakini usilipime peke yake. Nyumba ya bei poa pembezoni, inayokudai magari mawili kwenda na mawili kurudi, ni nauli 88 kwa siku 22 za kazi. Zijumlishe kwenye pango, ndipo ulinganishe na nyumba iliyo karibu. Uliza pia kama maji, umeme na taka vimo.

Wengi hukwama mwezi wa kwanza: amana, pango la miezi ya mbele, dalali na usafiri wa mizigo, vyote kabla mshahara mpya haujaingia. Posho ya kuhama iombe kabla ya kutia saini. Ukishasaini, mwajiri hana haraka nawe.