Tela linalomaliza tairi za ndani: anza na breki

Ndugu uliyeuliza kwa nini tela lako linamaliza tairi za ndani (zile za upande wa ndani pale tairi mbili zinapokaa pamoja), na kwa nini breki zinanuka ukitoka Kabale, Uganda, kushuka Katuna mpakani na Rwanda: usinunue tairi bado. Nimeendesha lori kati ya Malaba, mpakani na Kenya, na Katuna miaka 12, na tairi nyingi nilizotupa ziliuawa na breki.

Mimi somo hili nililipata Lugazi. Tulibeba saruji kutoka Tororo. Kila tuliposimama tanboi, msaidizi wangu, alizunguka akigonga tairi kwa nyundo kusikiliza kama zina upepo, zote zikalia vizuri. Lugazi nikapitisha kiganja karibu na habu za tela, yaani vitovu vya magurudumu, moja baada ya nyingine. Vuguvugu, vuguvugu, vuguvugu. Ya nne ikanirudisha mkono kabla sijaigusa. Tanboi akakimbilia dumu la maji, nikamzuia, maana dramu, lile duara la chuma ambalo breki hulisugua, ikiwa ya moto ukiimwagia maji hupasuka. Ilipopoa fundi akafungua: springi ya kurudisha breki imekatika, breki inasugua dramu muda wote. Tairi ya ndani, ile jirani ya dramu, ukingo wake ulikuwa umekauka, ukiukunja unachanika kama ngozi kuukuu. Na upepo wake ulikuwa sawasawa! Ndiyo maana nasema nyundo haitoshi. Pitisha mkono kwenye habu kila unaposimama.

Harufu ya mteremkoni mara nyingi ina sababu nyingine: breki chache zinafanya kazi ya zote. Watu hukaza breki za kichwa cha lori, za tela wanazisahau. Simamisha lori mahali tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu, achia hendibreki, zima injini upepo wa breki ukiwa kati ya PSI 90 na 100. Mwenzako akanyage breki, wewe pima fimbo ya chemba (kopo la upepo linalosukuma breki ya kila gurudumu) imetoka kiasi gani. Kwa chemba ya kawaida ya ukubwa wa 30, ikizidi inchi 2 breki ya gurudumu hilo imepita kikomo, usiitegemee mlimani. Kama breki zako zinajirekebisha zenyewe na bado fimbo inatoka sana, usizikaze kwa spana ukaondoka. Kuna kitu kimekwisha ndani, kitafutwe.

Mwaga maji yanayokusanyika kwenye matangi ya upepo wa breki kila jioni. Hilo halina mjadala.

Tairi sasa. Pima kwa geji alfajiri kabla hujatembea, na zile mbili zinazokaa pamoja ziwe na upepo sawa. Moja ikipungua hujikunjakunja na kuchemka, mwenzake anabeba mzigo wa wawili. Ile ya ndani ni ngumu kuifikia, basi madereva wanaipita. Funga mpira wa kurefusha valvu, ni bei ndogo. Na tairi iliyotembea bila upepo, nakuomba sana, msiijaze ikiwa bado kwenye lori. Waya za ubavuni zikishakatika, ubavu hupasuka ghafla wakati wa kujaza, na anayejaza yuko hapo hapo mbele yake. Itolewe, fundi aikague ndani, aijazie kwenye kizimba cha chuma.

Mteremko wa Katuna ingia na gia ndogo tangu juu. Kanyaga breki sawasawa mwendo upungue, kisha achia. Usiilalie mguu njia nzima.

Ukishapima chemba, andika hapa kipimo cha kila gurudumu, kushoto na kulia, tuviangalie pamoja.