Maswali ya Wasomaji: Mzigo Wako na Forodha

SWALI: Nanunua maharage Babati na kuyauza Nairobi, magunia 20 kila safari. Mwezi uliopita nilipofika mpakani niliambiwa nilipe ushuru wa forodha, lakini mwenzangu mwenye mzigo kama wangu alipita bila kulipa. Kijana mmoja pale nje akaniambia nimpe shilingi 40,000 anitafutie "karatasi ya msamaha". Hiyo karatasi ni nini hasa?
Mama Neema, Babati

JIBU: Mama Neema, huo si msamaha, ni haki yako. Tangu Januari 2005, Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza, mazao yaliyolimwa ndani ya Jumuiya huvuka bila ushuru wa forodha, mradi uthibitishe yametoka wapi. Uthibitisho huo kwa mfanyabiashara mdogo ni Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa. Hutolewa na afisa wa forodha pale pale mpakani, bila malipo. Huyo kijana usimpe hata senti.

Sharti kubwa ni thamani: mzigo usizidi dola 2,000 za Marekani. Piga hesabu kabla ya kupakia. Gunia likiwa shilingi 200,000, magunia 20 ni milioni 4. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni dola 1,600, bado uko chini ya kikomo. Magunia 30 yangefika dola 2,400, na hapo ungehitaji cheti kamili cha uasili na tamko la forodha kupitia wakala. Usijaribu kuugawa mzigo mmoja kwa vyeti viwili, maana cheti rahisi hakitumiki kwa kipande cha shehena kubwa.

Bila cheti, afisa hana cha kumwonyesha kuwa maharage ni ya Babati na si ya ng'ambo, kwa hiyo anautoza mzigo kama bidhaa ya nje ya Jumuiya. Nadhani ndiyo tofauti yako na mwenzako. Njoo na risiti ya ununuzi au hati ya mauzo inayoonyesha uzito na bei.

Na hapo kwenye uzito ndipo wengi wanapokwama: lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Karatasi inasema kilo 100, mizani inasema 125. Magunia 20 ya namna hiyo yana nusu tani isiyoandikwa popote, na mzigo wote unashushwa uhesabiwe upya. Funga magunia ya kawaida.

Cheti cha uasili kinaondoa ushuru wa forodha tu. Bado unahitaji kibali cha kusafirisha mazao nje na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Omba ukaguzi kabla ya kupakia, kwani fukusi wakionekana mpakani, cheti cha uasili hakikusaidii kitu. Kwenye mpaka wa Namanga, maafisa wa Tanzania na Kenya hufanya kazi chini ya paa moja, kwa hiyo makaratasi yakiwa kamili unasimama mara moja tu.

SWALI: Kontena langu la vipuri vya pikipiki linashuka Dar es Salaam kuja Lubumbashi. Nitalipa ushuru Tanzania, kisha tena Congo?
Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Hapana. Mzigo wa kupita tu haulipi ushuru wa kuingiza Tanzania. Wakala wako anaweka dhamana inayolingana na ushuru huo, kontena linafungwa lakiri ya kielektroniki, na gari linafuata njia iliyopangwa hadi Tunduma, mpakani na Zambia. Likishathibitishwa kutoka, dhamana inafutwa. Zambia nako ni mzigo wa kupita, na ushuru unaulipa Congo.

Andika namba ya lakiri kwenye hati zako siku ya kupakia na uilinganishe tena Tunduma kabla gari halijavuka. Ikitofautiana, mzigo unazuiwa, na wakala anaweza kudaiwa ushuru wote. Mwulize pia kama dhamana yako imeshafutwa: ikiachwa wazi inakula kiwango cha dhamana alichoruhusiwa wakala, na kontena lako lijalo linasubiri bandarini huku gharama za kuhifadhi zikipanda. FERI, yaani hati ya kielektroniki ya taarifa za mzigo unaoingia Congo, inayotolewa na OGEFREM, ofisi ya serikali ya Congo ya kusimamia shehena, nayo iwe tayari mapema.