"Bésame mucho": mbona mpenzi yupo na bado analiliwa?

SWALI: Mhariri, kwa miaka mingi nimekuwa nikiusikiliza wimbo wa Kihispania uitwao "Bésame mucho" bila kuyaelewa maneno yake. Nilipouliza, niliambiwa kwamba maana yake ni "nibusu sana" tu. Kama ndivyo, mbona unasikika kama maombolezo? Je, mpenzi anayeimbiwa amekwisha kuondoka?

JIBU: Masikio yako hayakukudanganya, ingawa mpenzi huyo hajaenda popote. Wimbo mzima unaimbwa wawili hao wakiwa pamoja, na uchungu wake umo humo: mwimbaji ameanza kumkosa mwenzake angali naye.

Sikiliza maneno "como si fuera". Anaomba abusiwe kana kwamba usiku huu ungekuwa wa mwisho, na kitenzi "fuera" kinafanya kazi inayokaribiana na ile ya "-nge-" katika Kiswahili, kwani hakitangazi kwamba usiku huu ni wa mwisho, bali kinalileta wazo hilo na kuliacha likae kati ya wapendanao. Mfasiri anayeandika "kwa kuwa huu ni usiku wa mwisho" ameuua wimbo, maana ameigeuza hofu kuwa habari.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni "mirarme en tus ojos". Wengi hufasiri "kukutazama machoni", lakini kile kiungo "-me" kinamrudia msemaji mwenyewe: anataka kujitazama ndani ya macho ya mwenzake. Ukimsogelea mtu mpaka pumzi zenu zikutane, utaiona sura yako, ndogo mno, katika mboni ya jicho lake, nawe ukirudi nyuma hatua mbili tu, haipo tena. Ndiyo maana anasisitiza kuwa karibu sana, kwa sababu akimpoteza mpenzi atapoteza pia sura yake mwenyewe inayoonekana humo peke yake.

Mtunzi wake, Consuelo Velázquez, alikuwa mpiga piano wa Meksiko aliyezaliwa mwaka 1916 katika jimbo la Jalisco, naye alieleza baadaye kwamba alipoutunga alikuwa hajapata kubusiwa. Mimi naliona hilo katika wimbo wenyewe, ambao hausimulii busu lolote lililokwisha kutolewa, bali unaomba tu. Toleo lake la Kiingereza lilivuma Marekani mwaka 1944, wakati wa vita, ambapo kwa wasikilizaji wengi kuagana lilikuwa jambo la kweli kabisa.

Utakapousikiliza tena, angalia pia nani anayeondoka. Mwanzoni mwimbaji anaogopa kumpoteza mwenzake, lakini baadaye anamwambia afikirie kwamba huenda kesho yeye mwimbaji ndiye atakayekuwa "lejos, muy lejos", mbali, mbali sana. Wimbo hauelezi sababu ya safari hiyo. Unarudi tu kwenye ombi lake la kwanza.