Nilitafuna mizizi miezi minne, kumbe tatizo sukari

Juzi usiku wa manane msomaji kaniandikia: kanywa unga wa "mitishamba mitupu", sasa uso unamuwaka, kifua kinambana, afanyeje? Nikamwambia akimbilie hospitali. Usingizi wangu ukaishia hapo, maana huyo ni mimi wa mwaka juzi.

Jogoo aligoma, yaani nguvu za kiume zilinikimbia. Nilimwambia rafiki mmoja tu, naye akaigeuza kichekesho cha kijiwe. Hadi leo salamu yangu kwake ni ya mdomoni. Kwa hasira nikanunua daftari nijipime mwenyewe. Nilitumia yale maswali matano wanayouliza madaktari, jumla alama 25. Mzima hupata kuanzia 22. Mimi nilianza na 10.

Nikaanza na mukombero. Mzizi wake unanukia vanila na una ukali kidogo kama tangawizi, kuutafuna si adhabu. Wiki sita, alama 12. Mbili hizo hata matumaini peke yake huzileta, na majaribio mengi ya mzizi huo yamefanywa kwa panya, si kwa baba watu. Gome la yohimbe likanipandisha presha na kuninyima usingizi. Siku ya nne nikalitupa.

Halafu ukaja unga. Ndani ya saa moja pua imeziba, kichwa kinagonga, taa ya chumbani ina rangi ya buluu pembeni. Na jogoo kawika! Daftari: 23. Wiki mbili nilitembea kifua mbele, nikawahubiria wanaume wenzangu humu humu, jambo ninaloliomba radhi.

Daktari alisoma daftari langu akacheka, si kwa dharau. Pua, kichwa, ile buluu: hayo ni madhara ya sildenafili, kidonge cha nguvu za kiume (Viagra) kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Mtu alikisaga akakichanganya na majani makavu. Anayetumia dawa za naitreti za maumivu ya kifua akinywa unga huo, presha inaweza kuporomoka hadi akafa.

Kisha akanipima sukari kabla sijala: 9.4, wakati 7 tayari ni kisukari. Sukari ikizidi huharibu mishipa ya damu. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4, kwa hiyo inayoharibika hujitangaza chini kwanza. Miezi minne mwili wangu unapiga kelele, mimi natafuna mizizi!

Ndugu zangu, pimeni sukari na presha kabla ya kununua chochote. Andikeni mnachokunywa na saa mliyokunywa. Mitishamba inayofanya kazi ndani ya saa moja itilieni shaka. Na pimeni sukari, narudia.

Msomaji wangu kajibu asubuhi, kapumzishwa wodini, presha imetulia. Anauliza unga uliobaki autupe? Nimemwambia ampe daktari, na kikopo chake.