Anderson alidumuje mpaka miaka 41?

Kaka umeuliza James Anderson aliwezaje kurusha mpira wa kasi kwenye timu ya kriketi ya England mpaka miaka 41 wakati wenzake wengi magoti na mgongo vinawagomea mapema, jibu ni kwamba hakutegemea spidi. Mwanzoni makocha walimbadilishia staili eti wamlinde, matokeo yake 2006 akapata ufa kwenye mfupa wa mgongo, akarudia staili yake ya zamani, ile ya kuangalia chini anapoachia mpira (ukiiona unashangaa anaonaje wiketi, vile vijiti vitatu anavyolenga!). Pia akaachana na mechi fupi za timu ya taifa, ODI (mechi ya siku moja) ya mwisho ilikuwa Kombe la Dunia 2015, nguvu zote akaweka Test, yaani mechi ndefu za kimataifa za mpaka siku tano.

Silaha yake ni swing, yaani kuupinda mpira hewani: vidole viwili juu ya mshono, upande mmoja wa mpira unasuguliwa kwenye suruali mpaka unang'aa, mwingine unaachwa na mikwaruzo, basi unapinda hewani na mpigaji anabaki anapapasa. Kaanza Test uwanja wa Lord's, London, 2003 na Zimbabwe, kamalizia hapohapo 2024 na West Indies, Test 188 wiketi 704 (yaani katoa wapigaji mara 704), hakuna fasti bola (mrushaji wa kasi) mwingine aliyefika huko. Wanaomzidi ni Muralitharan wa Sri Lanka na Warne wa Australia tu, na hao ni maspina, warushaji wa taratibu wanaouzungusha mpira.