Mmebaki Wawili? Msivunje Kundi

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Njiro, Arusha. Shikamoo dada, hongera kwa unayoandika, kisha swali lenyewe: walianza kampeni ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi ambapo kila mchezaji ana mhusika wake na dadu ndiyo huamua anachoweza. Kampeni ni hadithi moja ndefu ya vikao vingi. Walianza meza imejaa, sasa wamebaki wachezaji wawili, na yeye mwendesha mchezo, yaani msimulizi anayewachezea pia maadui, ndiye wa tatu. Avunje kundi, au atafute watu wa kujaza viti?

Marahaba, mdogo wangu. Usivunje, wala usitafute mtu. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu mwezi uliopita mimi na wachezaji wangu wawili tumemaliza kampeni yetu. Sikusema tumeiacha, nimesema tumeimaliza. Anayecheza michezo hii anajua ni kampeni ngapi hufika mwisho.

Nianzie Arusha, maana donge langu liko huko. Nilipokuwa naishi Sakina tulikuwa kundi kubwa, tukikutana sebuleni kwangu. Chai yangu, maandazi yangu, luku yangu. Mwendesha mchezo wetu alikuwa na shujaa wake mwenyewe aliyetembea na sisi, mpiga upanga asiyeshindwa. Tukikwama kwenye fumbo, shujaa wake analifumbua. Tukizidiwa na maadui, shujaa wake anatuokoa. Sisi wengine kazi yetu ilikuwa kushangilia. Siku moja nikalisema hilo, kwa upole, mbele ya watu wote. Baada ya hapo kila nikiuliza kikao naambiwa kimeahirishwa, huyu anaumwa, yule kasafiri. Hadi nilipoona picha kwenye stetasi ya mmoja wao: dadu, soda, watu wale wale, sebule ya mtu mwingine. Walishafungua kundi jipya la WhatsApp bila mimi. Sijawauliza mpaka leo. Nasikia na lile lilikufa halikufika mbali, na sitajifanya kwamba habari hiyo ilinisikitisha.

Nikahamia Moshi, nikafungua steshenari si mbali na soko la Mbuyuni. Fundi simu wa kibaraza cha jirani akaja kutoa kopi, akakuta dadu ya pande 20 juu ya mashine. Akauliza ni ya nini. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa anasubiri mitihani yake ichapwe akasogea kusikiliza jibu. Ndilo kundi langu hilo: Fundi na Mwalimu. Tukawa tunacheza Jumapili baada ya ibada, mlango wa duka umefungwa nusu.

Kila niliyemweleza alicheka. "Wawili? Hayo si maongezi tu?" Tangu Gary Gygax na Dave Arneson watoe mchezo huu Marekani mwaka 1974, picha iliyokaa vichwani mwa watu ni ya meza iliyojaa. Kundi kubwa ni kama Hiace ya Arusha–Moshi, mdogo wangu. Inajaa stendi, lakini kila mtu ana kituo chake cha kushukia. Wanaobaki mpaka mwisho wa safari siku zote ni wachache. Wewe umeshawajua wako ni akina nani. Wenzio huwa wanasubiri sana kulijua hilo.

Sasa hesabu, na hapa Mwalimu alinisaidia sana. Vipimo vya ugumu wa mapambano kwenye toleo la tano la mchezo huu, la mwaka 2014, vimepangwa kwa kundi la watu watatu hadi watano. Wakipungua hapo, kitabu cha mwendesha mchezo chenyewe kinakuambia uhesabu pambano lile lile kuwa gumu zaidi. Sababu ni zamu. Wachezaji wawili wana zamu mbili kwa raundi. Wawekee majambazi sita, watashambuliwa mara sita kabla hawajarudia zamu zao. Ukipunguza makali ya kila jambazi na bado ukaacha vichwa sita, hujawasaidia sana. Punguza vichwa. Maadui wawili, wakizidi sana watatu.

Na levo ya kwanza, ile ya chini kabisa ambayo mhusika huanzia, iogope. Mchawi wa levo ya kwanza ana pointi sita za uhai, na nyongeza ndogo kama afya yake ni nzuri; zikiisha anaanguka. Orki mmoja, yule adui wa kutisha wa hadithi hizi, mwenye shoka kubwa akimpata, kwa wastani anamtoa pointi tisa. Pigo moja tu, nusu ya kundi iko chini. Kwenye meza ya watu watano mmoja angekuinua huku wengine wakishika mlango. Kwenye meza yetu aliyebaki anachagua: akuinue au apigane, na maadui wote wanamtazama yeye. Kwa hiyo sisi tulianzia levo ya tatu, kila mmoja na dawa za kuponya kwenye mfuko wake. Kanuni za msingi hazina gharama, tangu Januari 2023 zipo kwenye intaneti kwa leseni huria ya Creative Commons. Mimi nilizichapa mwenyewe dukani. Printa ni yangu, nani ataniuliza?

Kuna pia kanuni za wasaidizi, zilitoka mwaka 2019 na kupanuliwa 2020: mhusika mwepesi wa kuongeza kwenye kundi dogo. Zitumie. Lakini karatasi ya huyo msaidizi wape wachezaji waishike, wamrushie dadu wao. Wewe usimguse! Wetu alikuwa mganga mzee mwenye matusi, Jumapili moja yuko kwa Fundi, nyingine yuko kwa Mwalimu, na wote wawili walimpenda kuliko wahusika wao. Mwendesha mchezo anayetembea na shujaa wake mwenyewe anaendesha mchezo wake peke yake, na wachezaji ni wageni waalikwa. Nimeshakuwa mgeni mwalikwa ndani ya nyumba yangu. Inatosha.

Hadithi je? Hadithi usiinunue, ipo hapo nje ya dirisha. Wachagga husimulia jinsi Mawenzi, kilele kidogo cha Kilimanjaro, alivyokuwa akienda kila mara kwa Kibo, kile kikubwa, kuomba moto, mpaka Kibo akachoka akampiga, na ndiyo maana kichwa cha Mawenzi kimechongoka namna ile. Mimi nikajiuliza swali moja: aliyekuwa anauzima moto wa Mawenzi ni nani? Kampeni nzima ikatoka humo. Nikaongeza mapango yale ya chini ya ardhi ambayo Wachagga wa zamani walichimba wajifiche wakati wa vita, na mifongo, ile mifereji inayoshusha maji ya mlimani hadi mashambani. Wahusika wao nikawataka wawe mabinamu kutoka kwa mamangi, yaani machifu wa Kichagga, wawili wanaogombea mfongo mmoja. Kwa wachezaji wawili jambo hili ni la lazima: wafunge pamoja kabla hujarusha dadu ya kwanza. Udugu, deni, kiapo, chochote. Wakikutana kilabuni kama wageni hawana sababu ya kuendelea kuwa pamoja, na hakuna mtu wa tatu wa kuwaunganisha.

Kuna Jumapili Fundi aligundua kwamba aliyeziba maji juu ya mfongo ni mjomba wa mhusika wake. Akaamua kuficha. Mwalimu akahisi. Kikao kizima hatukugusa dadu. Wateja wanagonga wakitaka kopi, sisi ndani kuna watu wanagombania maji yasiyokuwepo, na mimi kazi yangu imekuwa kunyamaza. Mwalimu alitoka nje akapunga hewa, akarudi akasema binamu yake atasemehewa, lakini siyo leo. Kwenye kundi la Sakina kabla ya hapo mtu angeshatia utani, mwingine angeomba tupigane na kitu. Hili ndilo wanalolikosa wenye meza kubwa, wala hawajui kwamba wanalikosa.

Mengine ni madogo madogo. Fumbo moja liwekee njia tatu za kulifumbua, maana vichwa viwili hukwama pamoja. Vikao viwe vifupi, saa mbili tu, kwa sababu utaongea sana kuliko ulivyozoea. Mmoja akikosa usiahirishe, cheza na aliyekuja jambo la nyuma la mhusika wake. Sisi hivyo ndivyo tulivyojua mganga aliwahi kuoa. Na siku wewe mwenyewe ukichoka, tafuta mchezo mwingine wa aina hii, Ironsworn ya Shawn Tomkin, ya mwaka 2018. Haina gharama na inachezwa hata bila mwendesha mchezo.

Ila watu usiokote. Nalirudia kwa sababu nakujua, utasoma yote haya kisha Jumamosi utamwita rafiki wa rafiki "aje tu ajaribu". Atakuja na simu yake. Atauliza kama kuna chakula. Wale wawili wako watapunguza sauti kwa sababu kuna mgeni, na ile siri ya mjomba haitasemwa. Waliokuja kila Jumapili na mvua hii ya masika wanastahili mwendesha mchezo anayewaona wao, siyo anayehesabu viti vitupu. Vijana tunapenda wingi. Harusi tunahesabu watu, msiba tunahesabu watu, hata mchezo wa kuwaza tunataka tuhesabu watu! Ridhika na waliopo. Waandalie vizuri.

Kikao cha mwisho nikueleze kidogo, naona fahari. Wako kileleni, mganga ameshakufa, Fundi yuko chini na pointi sifuri. Kwenye toleo la tano ukiwa sifuri unarusha dadu ya pande 20 kila zamu yako: kumi kwenda juu umefaulu, chini ya hapo umefeli, ukifeli mara tatu umekufa. Fundi ameshafeli mara mbili. Mwalimu ana zamu moja na mikono yote miwili imeshika kaa la moto linalozimika. Amwinue binamu yake, au alifikishe kaa kwa Mawenzi? Alifikiria mpaka chai ikapoa. Akaenda na kaa. Fundi akarusha, ikaja nne.

Fundi hajamsamehe. Kampeni inayofuata anaiendesha yeye, wachezaji ni mimi na Mwalimu. Ameshatangaza kwamba tunaanzia levo ya kwanza, msaidizi hakuna, na dawa za kuponya zitauzwa. Nimemwambia asome hapo juu nilipoandika habari za orki na shoka lake. Amesema ameshasoma, na wako wanne.